Mzee Melki, Miaka Thelathini na Moja, na Bango la Dubu Asiyekuwepo

Ndugu Melkizedek Abeli, mtoa maelezo wa Kambi ya Wageni Mgunga Mmoja, Mikumi, anastaafu rasmi leo, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia kambi yetu miaka thelathini na moja, miezi minne na siku tisa. Hizo siku tisa kazihesabu mwenyewe. Uongozi ulitaka iandikwe "zaidi ya miaka thelathini", yeye akakataa katakata, akasema siku ya mtu hailiwi na mwenzake.

Niwaambie mapema wageni waalikwa: mimi ninayeandika ni Msukuma, mstaafu ni Mkaguru, na sisi ni watani. Kwa hiyo nitamsema. Akinuna, akanunie kwake Kilangali. Mtani husemwa hata mbele ya jeneza lake, sembuse mstaafu mwenye afya tele ambaye tangu asubuhi ameshauliza mara tatu pilau imefikia wapi.

Alizaliwa mwaka 1965 huko milimani Kilosa, mtoto wa mwinjilisti wa Kianglikana aliyeitumikia parokia moja hadi akazeeka, na kwenye daftari la kanisa jina lake halikuwahi kuwekewa alama hata ndogo ya ubaya. Shule ya misheni ilimfundisha Melki Kiingereza, nyimbo za sauti nne na kuwahi. Hilo la tatu alilisahau njiani. Februari 1994 aliajiriwa hapa kushona mahema yaliyochanika. Siku moja mtoa maelezo hakufika kazini, wageni wakaombwa wasubiri kidogo, na Melki akajitolea kuwachangamsha. Hajanyamaza hadi leo.

Kazi ya mtoa maelezo si ngumu kuielezea. Kambi yetu haina uzio, na tembo hawajui mpaka wa hifadhi uko wapi. Basi mgeni akishuka kwenye gari, kabla hajaonyeshwa hema lake, anaelezwa namna ya kuishi na wanyama bila kuumizwa wala kuwaumiza. Kwenye ratiba imeandikwa dakika kumi. Mzee Melki alikuwa anatumia arobaini. Mholanzi mmoja alisinzia Melki akiwa kwenye nyati, akaamka akamkuta kwenye kiboko, akauliza kama huo ni mwaka ule ule. Chai ngapi zimepoa kambini hapa, Juliana wa jikoni ndiye anayejua, na amesema hatasamehe.

Halafu kuna hiyo shikamoo yake. Vijana wa vyuo wanatoka Dar na miwani yao ya jua, wanamwambia "mambo vipi mzee", naye anatazama juu ya mti kama hakusikia kitu. Somo la simba halianzi mpaka shikamoo itoke na marahaba irudi. Nilimwonya kwamba anachelewesha watu. Akanijibu kwamba asiyeweza kumwamkia mzee wa miguu miwili hataweza kumheshimu wa miguu minne. Tembo, alikuwa akiwaambia wageni, ni mzee wa mtaa: humkatizi njia, humpigii kelele, humkodolei macho akiwa na mtoto wake. Unasimama pembeni, anapita, mnaachana kwa amani. Nilicheka sana siku hiyo, na kicheko hicho tutakirudia hapa chini.

Sifa nyingine nitazitaja harakaharaka maana pilau inamsubiri. Mwaka 1999 alifundishwa kuendesha gari, akaigonga nguzo ya bendera, na somo likaishia hapo. Alipigana vita ya miaka sita na nyani dume aliyempa jina la Mkaguzi, kwa sababu alikuja bila taarifa, alipekua kila kitu, alikula na kuondoka bila kuacha ripoti. Mkaguzi alikula miwani miwili ya Mzee Melki. Ya tatu aliivaa, na picha ipo. Na mwanamume huyuhuyu ambaye nyati hamtishi, akionyeshwa kinyonga wa urefu wa kidole anapanda juu ya meza na viatu vyake. Anayebisha amuulize Juliana, meza ilikuwa yake.

Sasa tuje kwenye bango.

Wengi wenu mmeliona pale getini kwa miaka minne: refu, la kijani, na mnyama mkubwa wa kahawia amesimama kwa miguu ya nyuma. Historia yake ni hii. Mwaka 2021 Meneja wetu, Ndugu Donati, alikwenda mafunzoni nchi ya mbali yenye theluji na misitu. Alirudi na koti zito, ambalo hapa Mikumi anatafuta siku ya kulivaa hadi leo, pamoja na kijitabu cha ushauri kwa watalii juu ya dubu. Wenyeji wake walimpenda, wakaahidi kututengenezea bango zuri, kwa sharti moja tu: maneno yafuate kijitabu.

Kamati ya watu watano ikaundwa. Melki alikuwamo kwa kikao kimoja. Aliinua mkono, akasema dubu hapa kwetu hayupo, hakuwahi kupita hata kwa bahati mbaya. Akatolewa kwenye kamati kwa kosa la kuleta mjadala. Waliobaki wakala sambusa, wakafikiri, wakapata ufumbuzi ambao kwa haki ya Mungu ungepatikana kambini kwetu tu: kama tatizo ni dubu, basi kila palipoandikwa "dubu" paandikwe "mnyama". Neno lilifutwa mahali kumi na moja. Lazaro, mchora mabango wa stendi, aliuliza achore mnyama gani, akaambiwa wa kwa ujumla. Jamani, Lazaro alijitahidi. Alichora mwili wa dubu, masikio ya tembo na mkia wa nyumbu.

Chini ya mdudu huyo yakafuata maagizo. Tembea ukiimba na kupiga makofi ili mnyama asikie unakuja. Chakula chako kining'inize juu ya mti, mbali na hema. Katika miezi ya baridi mnyama hulala usingizi mzito pangoni, hivyo mgeni awe na amani. Na la mwisho, kwa herufi nyekundu: "Mnyama akikukaribia, lala kifudifudi, funika shingo kwa mikono, usipumue kwa nguvu, jifanye umekufa."

Wiki ya kwanza wageni walitii agizo la mti. Mkaguzi alifika na familia nzima. Katika maisha yake yote ya wizi hakuwahi kuandaliwa meza namna ile, kila mfuko na tawi lake. Na hiyo miezi ya baridi, kwetu ni Juni hadi Agosti, wakati mabwawa yanakauka na kila mwenye pembe, meno au mkonga anazunguka kutafuta maji. Ndiyo miezi tuliyowaambia wageni kwamba wanyama wamelala.

Mtu mwingine angekichana kile kijitabu. Mzee Melki alikiazima. Alikaa nacho miezi miwili, na kamusi yake ya misheni isiyo na jalada, akamsoma dubu kuliko sisi tulivyosoma mikataba yetu ya ajira. Na akampenda! Kuanzia hapo kila maelezo yalianza na dubu, na dakika arobaini zikawa sitini na tano. Wageni walielezwa kwamba dubu hunusa asali, na hata dawa ya meno, akiwa mbali, ndiyo maana huko kwao chakula huwekwa mtini. Kwamba akisimama kwa miguu miwili mara nyingi si ugomvi, anataka tu kuona vizuri, kama jirani anayechungulia juu ya ua. Kwamba msitu wa kwao ni mnene, ukimfumania mama na watoto wake atakurukia kwa hofu, hivyo ni vyema uimbe asikie unakuja. Na kwamba kuna dubu wa aina moja ambaye, akikuangusha chini kwa kujilinda, ukatulia, huenda akaona umekoma ubaya wako, akakuacha. Hata huko, alisisitiza, aina nyingine haitaki mchezo huo, lazima upambane.

Kisha alikuwa akifunga kijitabu, anasema: ndugu zangu, huyo ni mtu wa heshima, ila haishi hapa. Wanaoishi hapa ni hawa. Fisi akikukuta umelala anakushukuru. Simba ukimlalia chini unamrahisishia kazi. Na tembo hana shida na pumzi yako, ana shida na njia yake. Bango mlilosoma getini, lisameheni.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Novemba 2022 Mzee Melki alilifungua bango kwa spana, akalibeba kichwani, akaliweka nyuma ya jiko likiwa limeelekea ukutani. Meneja akalirudisha siku hiyohiyo kwa sababu wafadhili walikuwa wanatarajia picha. Melki akapewa barua ya onyo kwa "kuhujumu mali ya kambi na kupotosha wageni", akaondolewa kwenye maelezo na kupelekwa stoo ya magodoro. Getini kikabandikwa kikaratasi: maelezo yote yako kwenye bango.

Yeye alilipokea hilo kwa utulivu wa kuudhi. Alipanga magodoro kwa umri. Mimi, mtani wake, nilikuwa nikipita stoo kila asubuhi kumwamkia na kumuuliza wagonjwa wamelalaje. Alicheka kila mara. Siku moja tu hakucheka. Aliniambia kwamba haumizwi na stoo, anaumizwa na ile karatasi kwenye faili. Baba yake alimaliza utumishi wake bila doa. Naye alitaka amalize hivyohivyo, na sasa doa lipo, tena kwa kosa la kusema kweli.

Agosti mwaka uliofuata, asubuhi ya saa nne, lilifika basi la wanafunzi wa shule moja ya msingi ya Magomeni, Kilosa mjini. Walikuwa arobaini na wawili, na mwalimu wao, Mwalimu Vaileth. Hakukuwa na wa kuwapa maelezo, wakaelekezwa kwenye bango. Sasa mwalimu wa kweli akiona maandishi ukutani anafanya nini? Aliwaambia watoto watoe madaftari, wakanakili neno kwa neno, kisha wakakariri kwa sauti: lala kifudifudi, funika shingo. Wote walipata vema.

Baada ya uji walikuwa wanavuka kiwanja kwenda vyooni, mstari mrefu, wakiimba na kupiga makofi kama ilivyoagizwa. Ndama wa tembo alikuwa upande wa tanki la maji. Mama yake akatokea upande wa pili, nyuma ya mabafu, na mstari wa watoto ukawa katikati yao. Alisimama, akatandaza masikio.

Na watoto wakalala. Wote. Arobaini na wawili, kifudifudi, mikono shingoni, wametandikwa kwenye njia ya mama mwenye mtoto kama mahindi ya kuanika. Mwalimu Vaileth naye alilala, mwisho wa mstari. Hakuna aliyelia. Walikuwa watiifu mno, na mimi nilikuwa dirishani mapokezi nikiwaona.

Mzee Melki alitoka stoo na foronya begani. Hakukimbia. Tembo alitoka mbio hatua kadhaa, vumbi likapanda, akasita. Melki alikuwa ameshafika kwenye mstari, upande wa mama, mgongo kwa watoto. Alikuwa anasema nao kwa sauti ya chini, ile ile ya kuchosha, ile ya Mholanzi: watatu wa mwanzo, amkeni polepole, shikaneni mikono, rudini nyuma ya ukuta wa bafu, msikimbie. Sasa watatu wengine. Akawatoa hivyo, watatu watatu, mara kumi na nne. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kambi hii nilitaka mtu huyu aongee haraka, na aliongea taratibu, na alikuwa sahihi.

Tembo alimjia tena, akasimama karibu kiasi kwamba mchanga aliourusha ulimwangusha Melki kofia. Melki hakuiokota. Wa mwisho alikuwa Mwalimu Vaileth, ambaye alilazimika kuinuliwa kwa mkono. Njia ilipokuwa wazi wakasogea pembeni wote wawili, wakasimama, na mama akapita kwenda kwa mwanawe. Kofia aliikanyaga.

Juliana alimletea uji. Melki alikishika kikombe, uji wote ukaishia kwenye suruali. Baadaye aliwapa watoto somo lake upya, kuanzia na shikamoo, akawaomba wachane ule ukurasa wa daftari, wampe. Alizikusanya kurasa zote arobaini na mbili, akazikunja, akaziweka stoo chini ya godoro la juu kabisa.

Taarifa ya uongozi iliandika: "Mwalimu mmoja alipatwa na kizunguzungu." Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi hatukusikia la mkuu, na miguu iliyokuwa ivunjike ilikuwa ya watoto wa watu. Melki alirudishwa kwenye maelezo kimyakimya, bila barua, maana barua huwa tunazo za onyo tu. Bango likabaki, kwa kuwa lipo kwenye picha zote. Kwa miaka hii miwili usalama wetu umekuwa hivi: getini mgeni anafundishwa kufa, na ndani mzee mmoja anamfundisha kuishi. Kesho huyo mzee hayupo.

Mara tatu ameomba onyo lake lifutwe kabla ya leo. Mara tatu amejibiwa kwamba suala liko kwenye kamati ileile, na kamati itakutana pale katibu wake atakapoitisha kikao. Katibu hakuitisha. Katibu alikuwa na kazi yake ya kulinda.

Katibu ni mimi, Yudith. Na ile kalamu iliyofuta "dubu" mara kumi na moja ilikuwa yangu. Wazo lilikuwa la wote, sambusa zililiwa na wote, lakini mwandiko ni wangu, na siku ile niliuona mwandiko huo umelala kifudifudi kiwanjani na sare za shule. Nimeona aibu tangu siku hiyo, na nimeificha kwenye utani.

Mtashangaa haya yamepitaje kwenye ratiba ya sherehe. Yamepita kwa utaratibu wa kawaida. Meneja ameidhinisha ukurasa huu bila kuusoma, kama alivyoidhinisha bango. Nakala ya kwanza nimeiweka kwenye faili la Mzee Melki, juu ya barua ile ya onyo. Kwenye barua nimependekeza marekebisho madogo: paliposomeka "Melkizedek Abeli", pasomeke "Yudith Casmir". Kufuta neno moja na kuandika jingine, kazi hiyo naijua.

Walioingia leo wakashangaa getini kumebaki nguzo mbili tupu, wasihangaike. Bango lipo. Mimi na Juliana tulilifungua asubuhi, kwa spana ileile, tukahitaji meza ndefu. Ndilo lililobeba keki hapo mbele, chini ya kitambaa cheupe. Limelala kifudifudi na halipumui, kama lenyewe lilivyofundisha. Atakayetaka kulirudisha, aanze kwa kuhamisha keki mbele ya Mama Happiness, mke wa mstaafu, ambaye ameshaambiwa kilichoko chini yake.

Mzee Melki, asante kwa kila dakika uliyotuongezea juu ya zile kumi. Kule Kilangali kuna mpunga wa Mama Happiness unaokusubiri, ndege wa kufukuza ambao watakusikiliza mpaka wahame, na tunaomba Mungu akupe siku ndefu, afya, na shamba lisilo na kinyonga hata mmoja. Mwalimu Vaileth yuko meza ya tatu, na amekuja na baadhi ya wale watoto. Wamesimama. Wanasubiri uinue kichwa kutoka kwenye sahani ili waseme walichofundishwa nawe, na mimi nitasema pamoja nao.

Shikamoo, Mzee. Hii ya leo si ya utani.

Yudith Casmir
Mapokezi, Kambi ya Wageni Mgunga Mmoja